Njia ya Kwenda kwa Mama wa Jirani

Siku niliyokwenda kumpa jirani yangu pole ya msiba, nilimkuta anakaanga ndizi.

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Fleti yake ilitazamana na yangu, na kati yetu palikuwa na ujia wa saruji ambao upepo wa mtoni haukomi kupita. Asubuhi ile mlango wake ulikuwa wazi. Koridoni, juu ya viti viwili, kililazwa kitu kirefu kilichofunikwa shuka nyeupe na kufungwa kamba huku na huku. Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, nikarudi ndani kwangu. Mtu aliyelelewa Zanzibar haambiwi maana ya kitu kama kile. Nikapika chai ya maziwa, nikapanga maandazi kwenye sahani, nikatia pesa za ubani kwenye bahasha kama tunavyowasaidia wafiwa kwetu, nikavaa buibui, nikavuka.

"Nimekuja kukupa pole, jirani."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Kafa nani?"

Mimi nikatazama koridoni. Na yeye akatazama koridoni. Kisha akauweka mwiko chini.

"Yule mama yangu," alisema.

"Mungu amrehemu. Lini?"

"Wakati wanangu bado wadogo. Sasa wana mvi."

Alicheka mpaka akashika mrija wa mashine yake ya pumzi usimtoke puani. Akanivuta mkono, akafungua kamba, akaikunja shuka. Lilikuwa jiwe la kaburi, la rangi ya kijivu, limesuguliwa likang'ara, na jina la mama yake limechongwa pamoja na msalaba mdogo juu. Fundi mmoja wa Lewisham alilichonga, na watu wawili walilipandisha kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu.

"Ungewasikia wale wanaume walivyolia njiani," alisema, "ungejua kweli pana msiba."

Maandazi tuliyala pamoja. Bahasha alinirudishia.

Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza, changu cha kujifunzia kazini na chake cha visiwa vya Grenada, na mara nyingine kila mmoja alikisia nusu ya maneno ya mwenzake. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, kwani ndivyo yalivyokaa moyoni mwangu. Jina langu lilimshinda. Aliniita Jirani, nami nikamwita Jirani, na hatukuhitaji zaidi.

Thamesmead, mtaa wetu huku ughaibuni, ilijengwa juu ya kinamasi kando ya jito, na waliojenga majumba yetu waliogopa mafuriko. Chini waliweka magereji, watu wakawekwa juu. Namshukuru Mungu kwa fleti ile. Nilipewa nikiwa mjane na mtoto mmoja, baada ya miaka ya kuhama chumba hadi chumba. Humo sebuleni nimewasomesha Kurani watoto wa Kizanzibari, wa Kisomali na wa Kinijeria. Jirani alikuwa mtu wa kanisa, na kila Jumamosi aliwasikia kupitia ukutani. Siku moja alinitolea alif, ba, ta mpaka ya bila kukosea, akauliza atapata cheti lini.

Kwao ni kisiwa kidogo kilicho karibu na Grenada, upande wa kaskazini, kidogo hata ramani nyingi zinakiruka. Alikitoka akiwa msichana kuja kufanya kazi ya usafi hospitalini, na mama yake alikufa yeye akiwa huku. Hakuweza kwenda kuzika.

Huko kwao mtu akifa huzikwa, lakini mazishi huwa hayajakwisha. Jiwe huja baadaye, pengine miaka mingi baadaye, familia ikijaaliwa. Likipatikana huwekwa ndani ya nyumba kama mgeni, mpaka siku ya karamu. Siku hiyo huchinjwa, hupikwa, ngoma za kila kabila walilotoka wazee wao Afrika hupigwa, na jiwe hupelekwa makaburini likasimamishwa. Usiku wake marehemu huandaliwa meza yake mwenyewe, sahani na kitambaa safi, na hapana anayeigusa. Hapo ndipo aliyekufa anapotulia. Kabla ya hapo huwajia jamaa zake ndotoni na kuwadai.

"Mama ananijia," alinambia. "Husimama mlangoni. Husema, mwanangu, nimelowa. Mvua inampiga, Jirani. Hana kitu juu ya kichwa chake."

Mimi nilifundishwa vingine. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwake nilijifunza kwamba kaburi bora ni lile lisilojengewa, na kwamba maiti haombi jiwe wala pilau, anaomba dua. Nilimwambia hayo, kwa adabu.

"Na wewe baba yako kaburi lake unalijua?" aliniuliza.

Baada ya Mapinduzi mimi na mume wangu tulitoka, na baba alibaki. Habari ya kufa kwake ilinifikia khitma ilishasomwa zamani. Kwanza sikuweza kurudi kwa sababu ya wakati ulivyokuwa, kisha kwa sababu ya uwezo, kisha kwa sababu ya magoti. Jamaa mmoja aliwahi kwenda kunitazamia akarudi akisema pale pameota magugu na vijiwe vyote vinafanana. Namwombea baba kila baada ya sala, na najua dua haihitaji anwani. Lakini siku ile nilimjibu Jirani kwamba kaburi silijui.

Basi jambo lake lilikuwa moja tu. Kabla hajafa, jiwe lile lifike kisiwani, lisimame kichwani kwa mama yake, na watu wale karamu. Daktari alishamkataza ndege. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imevimba, na bila mashine ile hakuweza kumaliza Baba Yetu kwa pumzi moja. Ndugu zake kule walishakufa au wako Amerika, na wanawe walikuwa na visingizio vyao. Aliyebaki ni mjukuu wake wa kike.

Mjukuu alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye kazi ya ofisi mjini, kazaliwa Lewisham, hajawahi kukanyaga kisiwa cha bibi yake. Mwaka ule alikata tiketi na rafiki yake kwenda Grenada likizo. Hoteli yao ilikuwa na bwawa la kuogelea lililo hatua chache tu na bahari, jambo ambalo Jirani hakuacha kulishangaa.

"Maji pembeni ya maji," alisema. "Kama mtu kubeba mwavuli ndani ya nyumba."

Nilidhani angemwambia mjukuu moja kwa moja: vuka uende kisiwani kwetu, tafuta kaburi, ulete habari, tupange jiwe. Hakusema hivyo. Alianza kumweleza mambo ya kutazama. Kila Jumapili mjukuu alipokuja kula, bibi alikuwa na mahali papya.

"Usikae pwani tu," alimwambia. "Pwani ni kwa wale wa meli kubwa. Wanashuka, wanakunywa, wanababuka ngozi, wanapanda tena. Wewe panda boti, uje kwetu."

"Bibi, nakwenda kupumzika. Siendi shule."

"Utapumzika ukifa. Sikiliza. Ukishuka gatini, kwanza nenda kwenye mikoko. Mpe mvuvi chochote akuingize ndani kwa mashua. Utaona chaza wameota juu ya mizizi ya miti, kama matunda. Unawachuma kwa mkono."

"Chaza mtini?"

"Mtini. Muulize Jirani kama naongopa."

"Kwetu pia wako hivyo," nilisema, na mjukuu akatutazama sote wawili kama watu waliokula njama.

Wiki nyingine ilikuwa kijiji cha waunda mashua, ambako watu hukata mbao za mwerezi mwitu mlimani na kuunda chombo chini ya miti bila karatasi ya michoro, kisha siku ya kukishusha majini kijiji kizima huja kuvuta kamba na kondoo huchinjwa. Wiki nyingine ilikuwa kinu cha upepo cha wakati wa watumwa, kimebaki mnara mtupu, ndani yake umeota mti unaochungulia juu kama mtu aliyekwama kisimani. Kisha chemchemi iliyo chini ya mwamba, ambayo haijawahi kukauka hata mwaka wa njaa, na ambayo maji yake, kwa kauli ya Jirani, yanatibu tumbo, wivu na ulevi.

"Na mguu uliovimba?" mjukuu aliuliza.

"Huo nilisahau kuyaomba nilipokuwa nayo."

Alimwelekeza pia kwa mama mmoja anayepika nje ya nyumba yake siku ya Jumamosi: shelisheli, majani ya mayugwa na samaki wa chumvi katika tui zito, chungu hakifunuliwi mpaka tui likauke yabaki mafuta tu. Chakula hicho nakijua. Alinipikia mara nyingi, akiacha kutia mkia wa nguruwe kwa ajili yangu, na mara ya kwanza nilipokionja nililia. Nilisingizia pilipili. Shelisheli tulikuwa tukilifuata mimi na yeye sokoni Lewisham, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, wakati miguu yake ilipokuwa bado inamtii.

Mjukuu alipoondoka Jumapili moja nilimuuliza Jirani kwa nini hamtaji mama.

"Mwambie kijana likizo nenda makaburini, hatokwenda," alinijibu. "Atasema ndiyo Bibi, na atakaa bwawani. Lakini tazama." Akachukua maandazi, vijiko na kopo la sukari, akavipanga mezani. "Hapa gati. Mikoko hapa. Waunda mashua hapa. Kinu. Mama wa chakula. Chemchemi. Barabara ni moja tu. Akimaliza chemchemi, mbele yake pamebaki makaburi, kando ya bahari. Nitamwambia Jumapili ya mwisho. Atakuwa ameshakwenda moyoni mwake."

Nilimtazama mwanamke yule anayepumua kwa mashine, alivyomjengea mtoto njia kwa maandazi na vijiko, nikasema moyoni, Mungu mpe anachokitaka.

Jumapili ya mwisho alimwambia. Mjukuu hakucheka. Alikwenda koridoni, akalipapasa jiwe juu ya shuka, akarudi akamwahidi. Atalipata kaburi, atapiga picha, atatafuta fundi wa kule, na jiwe litapelekwa kwa meli kabla ya Krismasi. Jirani siku ile alikula sahani mbili.

Mjukuu alipokuwa safarini nilikuwa naingia kwa Jirani asubuhi na baada ya alasiri. Alikuwa hakai. Alilifuta jiwe. Alinieleza nani wa kualikwa kwenye karamu, ingawa wengi wao yeye mwenyewe alijua walishakufa. Alichagua hata kondoo wa kuchinjwa. Mara mbili alinambia mama hakumjia ndotoni wiki ile, na hiyo ilikuwa dalili.

Siku mjukuu alipopiga simu nilikuwa na watoto wa chuo sebuleni. Ilikuwa simu ya video. Mjukuu alikuwa amevaa kofia pana, na nyuma yake upepo ukivuma.

"Anti, uko peke yako?"

"Nina watoto."

"Toka nje tafadhali. Bibi asisikie."

Nikashuka mpaka kwenye magereji. Mjukuu aliigeuza simu.

Niliona bahari nzuri ambayo sijaiona tangu nitoke kwetu. Maji yalikuwa maangavu, kijani kisha buluu. Katika maji yale, hapo ufukweni mawimbi yanapovunjika, yalisimama mawe ya makaburi. Mengine yamelala kifudifudi mchangani na wimbi linapita juu yake na kurudi. Mengine yameinama kama watu waliofika kikomo cha kuchoka. Kaburi moja la matofali lilikuwa limebomoka ubavu, na ndani yake palikuwa na maji na mwani. Minazi imeng'oka na mizizi yake. Nchi kavu ilikuwa imekatwa kama mkate, na pale ilipokatwa nilimwambia ageuze simu haraka, kwa sababu niliona kitu ambacho sikutaka kukitambua.

"Bahari inakula kila mwaka," alisema. "Jina la familia yetu nimemwambia dereva. Anasema safu ile ilikwenda yeye bado mtoto wa shule. Anti, safu nzima."

Ndipo nikasikia sauti ya huyo dereva, changamfu, ya mtu anayeijua kazi yake.

"Mwambie shangazi hapa ndipo ninapowaleta wale wasiopenda pwani tu. Wageni wengi hawapajui. Wakija wanapiga picha mpaka jua linazama. Kuna bwana mmoja alilia!"

Hakuwa mtu mbaya. Alidhani anamsifia mjukuu kwao.

"Nimwambie nini Bibi?" mjukuu aliniuliza.

"Kwenye simu usimwambie kitu. Rudi kwanza."

"Nikirudi?"

"Usimwongopee."

"Basi utamwambia wewe."

"Mimi si mjukuu wake."

Nikasikia wimbi nyuma yake. Kisha akasema ahsante Anti, akakata. Nikasimama pale kati ya magari ya watu. Juu watoto walikuwa wamechoka kuningoja, wanasoma kwa fujo, kila mmoja na aya yake.

Siku mbili nilizobaki nazo kabla mjukuu hajarudi nilimwomba Mungu anifungulie neno. Jirani aliniuliza kama mjukuu amepiga. Nilisema amepiga, anasalimia, yuko salama. Yote yalikuwa kweli.

Aliporudi alikuja na kungumanga kwenye mfuko, nyingine bado zimevaa ganda lao jekundu la basibasi, na chupa ya maji ya chemchemi. Jirani alikuwa amesuka nywele. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akanitaka na mimi nikae.

"Haya, mikoko."

Mjukuu alisimulia vizuri. Wallahi alisimulia vizuri kuliko nilivyomtarajia. Alimweleza mvuvi aliyemwingiza, chaza aliyemkata kidole, matope yaliyomla kiatu. Alimweleza waunda mashua, jinsi mzee mmoja alivyopapasa ubao kwa kiganja akiwa amefumba macho. Kinu, na ule mti ndani yake, sasa umetoka juu kabisa na umeweka matawi nje. Yule mama wa chakula alikwishafariki lakini binti yake anapika pale pale, na chungu ni kile kile. Jirani alipiga paja. Alisahihisha. Alitaka kujua nyumba fulani bado ina rangi ya waridi. Sijamwona na furaha kama ile, si kabla wala baada.

"Na chemchemi umeinywa?"

"Nimekuletea, Bibi."

Alionja, akashusha chupa.

"Na kwa mama?"

Mjukuu alitazama mikono yake.

"Ni pazuri, Bibi. Panatazama bahari."

"Najua panatazama bahari. Picha?"

"Simu iliisha chaji."

Jirani alimtazama kwa muda, bila hasira. Kisha akanigeukia mimi.

"Jirani. Huyu ananipenda, atasema lolote ili nilale. Wewe umefundishwa dini tangu mdogo. Ulishuka chini na simu siku ile, nilikuona dirishani. Umeona nini?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema mama yako yuko kwa Mola wake, na lingekuwa kweli. Lilinifika ulimini.

"Na usiniambie yuko kwa Mungu," alisema. "Hilo mchungaji ananiambia kila wiki. Nakuuliza mama yangu yuko wapi."

"Bahari imemchukua," nilisema. "Safu nzima. Zamani."

Mjukuu alianza kulia. Jirani hakulia. Aliuliza kama ukuta wa mawe upo. Nikasema hapana. Aliuliza miti ya minazi. Nikasema imeanguka. Aliuliza baba yake, aliyezikwa pembeni. Nikasema naye pia.

Mashine ya pumzi ilikuwa inalia kwa mpigo wake. Alisema, polepole, si kwangu wala kwa mjukuu:

"Kumbe haikuwa mvua."

Mimi sijengi imani juu ya ndoto. Lakini siku ile sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu hivyo.

Siku zilizofuata nilijaribu. Nilimwambia kwetu tumefundishwa kwamba aliyechukuliwa na maji ana daraja yake, na kwamba ardhi na bahari vyote vitavitoa vilivyomo ndani yake Siku ya Kiyama, hapana atakayepotea. Mchungaji wake naye alikuja akamsomea maneno yanayokaribiana na hayo kutoka kitabu chao. Tulikaa huku na huku ya kitanda, mimi na yeye, watu wa dini mbili tunaokubaliana, na Jirani akatusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza.

"Nyote mnanambia Siku hiyo," alisema. "Mimi niliuliza leo."

Mjukuu alihangaika. Alikwenda kwa fundi, fundi akasema jina likishachongwa jiwe halirudi. Alitaka lipelekwe kisiwani hivyo hivyo, lisimamishwe bara kidogo, mbali na maji, kama ukumbusho. Jirani alimuuliza litasimama juu ya nani. Mchungaji alipendekeza bustani ya kanisa. Alimwambia jiwe la mama yake si chungu cha maua. Watu wengine wa kanisa walishauri karamu ifanywe huku, ukumbini, wapike, waombe, yaishe. Alikataa hilo pia. Alisema karamu ni ya kumwekea mama kitu kichwani, na kichwa hakipo. Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mwenye duka anayemwambia mteja kuwa bidhaa hiyo imekwisha na haitoletwa tena.

Sikujuta kusema kweli, na mpaka leo sijui ningesema nini kingine. Lakini mtu anaweza kuwa amefanya lililompasa na bado akawa hana alichompa mwenzake. Nilikuwa nikivuka ule ujia na sahani yangu, nikimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, redio imezimwa. Alikula nilichompikia, akashukuru. Kuhusu kwao hakusema tena. Nilimchokoza mara moja, nikamuuliza yule mzee wa mashua anaijuaje mbao kwa kiganja. Akasema hakumbuki.

Majira ya baridi yalipoingia alianza kuja nesi wa kumfunga vidonda vya miguu, kijana mchangamfu, mzungumzaji, mwenye mikono laini. Siku moja, amepiga goti mbele yake na bandeji, alituambia kwamba yeye na mumewe wamepata likizo, wanakwenda Grenada.

"Si ndiko kwenu?" alimuuliza Jirani. "Hebu nisaidie. Kila mtu ananambia pwani, pwani. Niambie mahali ambapo watalii hawapajui."

Niliinua macho. Miezi michache nyuma swali hilo lingetuchukua mchana mzima, na vijiko vyote vya nyumba vingekuwa mezani. Jirani alikuwa anatazama nje, kule majumba yanakokwisha na jito linapoanza.

"Kaeni pwani," alisema.

"Pwani tu?" Nesi alicheka, akidhani ni mzaha.

"Pwani tu. Inatosha. Mtapumzika."

Nesi alimaliza kufunga, akamvalisha soksi, akamshukuru, akaenda zake. Nilingoja mpaka nikasikia mlango wa ngazi umejifunga.

"Ungemwambia japo ile chemchemi," nilimwambia.

"Chemchemi iko njia ile ile, Jirani."

Nilikusanya vikombe, nikaenda kuviosha.